Kivinjari Kimeondoka, Viungo Vimegoma

Mtu anabofya kiungo kilichomo kwenye barua pepe, ukurasa haufunguki. Kinachojitokeza ni kisanduku cha onyo: kazi hii imesitishwa kwa sababu ya vizuizi vilivyowekwa kwenye kompyuta, tafadhali wasiliana na msimamizi wa mfumo. Watumiaji wa Outlook 2007 na 2010 walilizoea onyo hilo. Matoleo yaliyofuata yalibadili maneno, yakasema kwamba sera za taasisi ndizo zinazozuia, na kwamba mhusika awaone watu wa dawati la msaada.

Mara nyingi hakuna kizuizi, hakuna sera, wala hakuna dawati la msaada. Kompyuta ni ya mtu binafsi, iko sebuleni, na mwenye nayo ndiye msimamizi wake pekee. Intaneti nayo haina neno, maana akiiandika anwani ileile kwa mkono ndani ya kivinjari, ukurasa unafunguka. Kilichotokea ni kwamba siku chache nyuma mtu aliondoa kivinjari kimojawapo, tuseme Chrome au Firefox, akabaki na kile kilichokuja na Windows. Viungo viligoma tangu hapo. Lakini kwa kuwa hakubofya kiungo cha barua pepe siku hiyohiyo, hayaunganishi mambo hayo mawili, na onyo lenyewe linamwelekeza kwingine kabisa.

Akiipeleka mashine kwa fundi, jibu analolipata katika maduka mengi ya Kariakoo au Luthuli linajulikana: tupige Windows upya. Viungo vitafunguka, hilo ni kweli. Ila mteja atarudi nyumbani na mashine isiyo na programu zake za uhasibu, isiyo na nywila zilizohifadhiwa, pengine hata isiyo na draiva ya printa, na bahati yake iwe nzuri kama faili zake zilinakiliwa kabla. Yote hayo kwa ajili ya kosa ambalo mara nyingi lina urefu wa neno moja.

Neno hilo liko wapi? Kiungo chenyewe hakibebi jina la kivinjari chochote. Outlook, Word au programu ya kusomea PDF inapopokea mbofyo, huikabidhi Windows ile anwani na kuiambia iifungue. Windows nayo huenda kuuliza kwenye rejista, hazina kubwa ya kumbukumbu ambamo mfumo huweka sehemu kubwa ya mipangilio yake. Huko swali hujibiwa kwa hatua mbili. Kwanza rejista hutaja jina la aina ya faili: kwamba .html, kwa mfano, ni mali ya kitu kinachoitwa ChromeHTML. Kisha Windows hulitafuta jina hilo ndani ya rejista ileile, na chini yake hukuta amri inayoonyesha programu yenyewe ilipo kwenye diski. Kivinjari kikiondolewa vibaya, hatua ya pili hufutika na ya kwanza hubaki. Windows inaambiwa nenda kwa ChromeHTML, inakwenda, haikuti mtu. Ni sawa na barua kupelekwa kwa mpangaji aliyehama bila kumuaga mwenye nyumba.

Jambo linalowachanganya hata mafundi wazoefu ni kwamba rekodi iliyoharibika ni ya faili za .html, ilhali kiungo kilichobofywa kinaanza na http na hakihusu faili yoyote iliyoko kwenye diski. Outlook, kabla ya kufungua kiungo, huitazama rekodi ya .html ili kujua nani anashughulikia kurasa za wavuti. Ikiikuta imeelekezwa kwa jina lisilokuwepo, hukata tamaa na kutoa lile onyo la vizuizi. Ndiyo maana kiungo kilekile kinaweza kufunguka vizuri kutoka programu nyingine na kikagoma ndani ya Outlook tu. Anayetafuta kosa kwenye mipangilio ya http atazunguka siku nzima bila kuliona.

Sababu ya rekodi hizo kubaki inahitaji maelezo kidogo. Tangu Windows 2000, orodha ya aina za faili ambayo mfumo huisoma imeundwa kwa kuunganisha sehemu mbili: moja ya kompyuta nzima, iliyo chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE, na nyingine ya mtumiaji aliyeingia wakati huo, iliyo chini ya HKEY_CURRENT_USER. Zikipingana, ya mtumiaji ndiyo inayoshinda. Mpango huo ni wa busara, kwa sababu kila mwenye akaunti anapata uhuru wa kuchagua programu zake bila kuwabughudhi wenzake.

Septemba 2008 Google ilitoa Chrome ya majaribio kwa Windows, na kilikuwa kivinjari chenye tabia mpya: kiliweza kujisakinisha ndani ya folda ya mtumiaji mwenyewe, bila kuhitaji nywila ya msimamizi. Mfanyakazi ambaye ofisi yake haimruhusu kuongeza programu aliweza kukiweka kwa dakika chache. Njia hiyo ilikisaidia kuenea, lakini pia iliandika rekodi zake kwenye sehemu ile ya mtumiaji, yenye nguvu ya kushinda ya kompyuta nzima. Kivinjari kilipoondolewa na rekodi ya .html ikaachwa nyuma, rekodi nzuri ya Internet Explorer, kivinjari kilichokuja na Windows, iliyokuwa kwenye sehemu ya kompyuta nzima haikuweza kufua dafu. Ilikuwepo, ilikuwa sahihi, na haikusomwa.

Kuna mazingira mengine yanayozaa kosa hilohilo, na haya yanahusu hasa kompyuta za kushirikiana: za shule, za saiba, za ofisi ndogo. Mwalimu mmoja ameifanya Firefox kuwa kivinjari chaguomsingi kwenye akaunti yake. Mwenzake, akiwa kwenye akaunti nyingine, anaiondoa Firefox ili kupunguza mzigo wa diski. Kiondoaji husafisha sehemu ya kompyuta nzima na ya yule aliyekiendesha. Akaunti ya mwalimu wa kwanza haikuwa imefunguliwa wakati huo, kwa hiyo haikuguswa. Kesho yake anaingia kazini na kukuta viungo vyake havifunguki, naye anaapa, kwa haki kabisa, kwamba hajagusa kitu.

Matengenezo yenyewe, kwa mashine za zama hizo na kwa Outlook inayogoma hata leo, ni haya. Shikilia kitufe cha Windows na herufi R, andika regedit, bonyeza Enter. Kabla ya kugusa chochote, ingia kwenye menyu ya faili na utoe nakala rudufu ya rejista kwenye flashi, kwa maana humu hakuna kitufe cha kutengua kosa. Kisha fungua HKEY_CURRENT_USER, ndani yake Software, ndani yake Classes, uteremke hadi .html. Upande wa kulia kuna mstari wa kwanza unaobeba thamani ya msingi. Ukikuta pameandikwa ChromeHTML, au FirefoxHTML yenye mkia mrefu wa tarakimu na herufi, na kivinjari hicho hakipo tena, mkosaji umemkamata. Bofya mara mbili, futa, andika htmlfile. Rudia kwa .htm, .shtml, .xht na .xhtml kama zipo. Funga Outlook, ifungue tena, jaribu kiungo.

Anayezoea kuandika amri anaweza kufanya hivyohivyo kwa mstari mmoja kwa kila kiendelezi: reg add HKCU\Software\Classes\.html /ve /d htmlfile /f. Mkia wa FirefoxHTML nao una habari ya kumfaa fundi. Ule wa kawaida, 308046B0AF4A39CB, unatokana na folda ambamo Firefox imewekwa. Kivinjari kikiondolewa na kuwekwa tena kwenye folda nyingine, mkia unabadilika, na rekodi ya zamani inabaki ikitaja jina ambalo halina mwenyewe, hata kama Firefox imo ndani ya mashine hiyohiyo.

Asiyependa kuigusa rejista ana njia ya kuzunguka, na kwa mtu wa kawaida hiyo ndiyo ya kumshauri. Akiweke tena kile kivinjari alichokiondoa. Aingie kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya programu chaguomsingi, achague kivinjari anachotaka kubaki nacho. Ahakikishe kwamba kiungo cha barua pepe kinafunguka kwa hicho alichokichagua. Ndipo aondoe kile cha kwanza. Kukabidhi kazi kabla ya kufukuza ndiyo hatua iliyorukwa tangu mwanzo.

Mambo yalibadilika Windows 8 ilipotoka mwaka 2012. Microsoft ilianza kuweka, kando ya jina la programu iliyochaguliwa, alama ya siri inayokokotolewa kutokana na utambulisho wa mtumiaji, aina ya faili, jina la programu na wakati wa uchaguzi. Rekodi hiyo huitwa UserChoice. Mtu au programu ikibadilisha jina bila kuleta alama inayolingana nalo, Windows huuona uchaguzi huo kuwa batili na kurudisha chaguo lake. Wengi wa watumiaji wa Windows 10 wamekutana na taarifa kwamba programu fulani imesababisha tatizo kwenye faili za .html na kwa hiyo mpangilio umerejeshwa kwa Microsoft Edge.

Kinga hiyo ina faida za kweli. Programu hasidi zilikuwa zikiteka viungo vya watu na kuvipeleka kwenye kurasa za matangazo bila ridhaa yao, na sasa kazi hiyo imekuwa ngumu. Vilevile, mtu akiondoa kivinjari chaguomsingi kwenye Windows 10 au 11, kwa kawaida mfumo hugundua pengo, ukauliza kitumike kipi au ukavipeleka viungo Edge. Ukimya wa zamani umepungua sana. Lakini kinga hiyohiyo inamfaidisha aliyeitengeneza. Kila pengo linapotokea, kivinjari kinachookota viungo vilivyoachwa ni cha mwenye mfumo.

Hapa ndipo kero ndogo ya kiungo kisichofunguka inapogusa ugomvi mkubwa wa kibiashara. Mwaka 1998 serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft kwa kuvunja sheria za ushindani, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba Internet Explorer imefungamanishwa na Windows kwa makusudi kiasi kwamba mnunuzi hawezi kuiondoa. Kampuni ilishikilia kwamba kuiondoa kungeharibu mfumo. Edward Felten, mtaalamu wa kompyuta kutoka Chuo Kikuu cha Princeton, aliandaa programu ya kuonyesha mahakamani kwamba inawezekana kuiondoa huku Windows 98 ikiendelea na kazi zake nyingine. Jaji Thomas Penfield Jackson, katika maelezo yake ya Novemba 1999 kuhusu ukweli uliothibitishwa, aliandika pia kwamba katika hali fulani Windows 98 ilifungua Internet Explorer hata pale mtumiaji alipokuwa amemchagua mpinzani wake Navigator. Juni 2001 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba kuificha Internet Explorer isiwemo kwenye orodha ya programu zinazoweza kuondolewa, na kuichanganya na msimbo wa mfumo, kulikiuka sheria.

Ulaya ilishika njia nyingine. Baada ya malalamiko ya kampuni ya Opera ya Norway mwaka 2007, Microsoft iliahidi Tume ya Ulaya kwamba itawaonyesha watumiaji skrini ya kuchagua kivinjari, na skrini hiyo ikaanza kuonekana Machi 2010. Kisha ikatoweka kwenye toleo moja la Windows 7 kati ya Mei 2011 na Julai 2012. Watu milioni 15 hawakuiona. Machi 2013 Tume iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 561.

Faini haikumaliza ubishi. Windows 10 ilipotoka Julai 2015, mkuu wa Mozilla inayotengeneza Firefox, Chris Beard, alimwandikia Satya Nadella wa Microsoft barua ya wazi akilalamika kwamba wanaohamia toleo jipya wanapoteza chaguo lao la kivinjari, na kwamba kulirudisha kumefanywa kugumu. Windows 11 ilipokuja Oktoba 2021 ilizidisha ugumu: aliyetaka kuihama Edge alilazimika kubadilisha aina moja ya faili baada ya nyingine, .htm peke yake, .html peke yake, http peke yake, https peke yake. Kitufe kimoja cha kubadili yote kilirudi mwaka 2022, baada ya kelele nyingi. Katika miezi ile ya katikati, mtu aliyebadilisha nusu tu ya orodha na kuiacha nusu alikuwa na kompyuta inayofungua viungo vya aina moja hapa na vya aina nyingine kule, kisha akiondoa kivinjari kimoja, nusu ya viungo vyake vinabadilisha mwelekeo ghafla. Hayo si makosa ya mtumiaji. Ni matokeo ya mpangilio uliobuniwa kumchosha.

Tangu Machi 2024, chini ya Sheria ya Masoko ya Kidijitali, watumiaji walio katika Eneo la Kiuchumi la Ulaya wanaweza kuiondoa Edge kwenye Windows kama programu nyingine yoyote. Msomaji aliye Mombasa, Mwanza au Bujumbura hayumo. Windows hutazama eneo lililochaguliwa kompyuta ilipoanzishwa, na mashine iliyoandikishwa Afrika Mashariki haipewi haki hiyo, ingawa ni programu ileile. Hili linastahili kusemwa kwa sauti na mamlaka za ushindani za nchi zetu, kwa kuwa hakuna sababu ya kiufundi ya kumpa mtu wa Lisbon uhuru ambao mtu wa Lindi ananyimwa.

Kwa walio wengi Afrika Mashariki, hata hivyo, kiungo hubofywa kwenye simu: kimetumwa na ndugu kwenye WhatsApp, au kimekuja kwa ujumbe mfupi kutoka benki. Android ilijengwa kwa utaratibu tofauti na wa rejista. Programu inayotaka kufungua anwani hutangaza ombi lake, na mfumo hutafuta ni programu zipi zilizojiandikisha kulishughulikia. Programu ikiondolewa, usajili wake huondoka nayo papo hapo. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, kuwa kivinjari chaguomsingi ni wadhifa unaoshikwa na programu moja. Ukiondoa Opera Mini, ambayo wengi waliipenda kwa kubana data, wadhifa unabaki wazi na simu hutafuta mrithi, kwa kawaida Chrome. Ule ugonjwa wa Windows wa jina kubaki bila mwenyewe hautokei.

Ugonjwa wa simu ni mwingine. Chrome iliyokuja na simu kwa kawaida haiondolewi, huzimwa tu, na wapo wanaoizima ili kupata nafasi bila kuwa na kivinjari kingine. Hapo kila kiungo kinapobofywa, jibu ni kwamba hakuna programu ya kufungua anwani hii. Baadhi ya programu zinazomwomba mtu aingie kwa akaunti ya Google nazo hukwama, kwa kuwa ukurasa wa kuingilia hufunguliwa kwa kivinjari kwa siri. Dawa ni kwenda kwenye mipangilio, kwenye orodha ya programu, kuiwasha Chrome au kuweka kivinjari kingine, kisha kwenye programu chaguomsingi kukiteua. Kazi ya dakika moja.

Simu inaonyesha pia jinsi programu nyingine zinavyokiegemea kivinjari bila mtu kujua. Machi 2021, sasisho bovu la kipande cha Android kinachoitwa WebView, kile kinachoonyesha kurasa za wavuti ndani ya programu nyingine, lilifanya programu nyingi kujifunga zenyewe sehemu mbalimbali za dunia. Watu waliilaumu Gmail na programu za benki. Kosa lilikuwa chini yao, mahali ambapo mtumiaji hana sababu ya kupatazama.

Kwenye iPhone hadithi ni fupi. Hadi mwaka 2020 Safari ndiyo pekee iliyoruhusiwa kuwa chaguomsingi. iOS 14 ilipofungua mlango, ilikuja na kasoro: simu ikizimwa na kuwashwa, chaguo la mtumiaji lilifutika na Safari ikarudi. Sasisho dogo lililofuata lilirekebisha hilo. Siku hizi kivinjari chaguomsingi kikifutwa, kwa kawaida Safari huchukua nafasi. Linux nayo huhifadhi chaguo kwenye faili ya maandishi iitwayo mimeapps.list, inayoweza kusomwa na kurekebishwa na yeyote kwa kihariri cha kawaida, na kwa maoni ya mwandishi huyu huo ndio uwazi ambao Windows ingefaa kuuiga.

Kati ya wote wanaohusika na kero hii, lawama kubwa inamwangukia aliyeandika lile onyo. Programu iliyoshindwa kufungua kiungo inalo mkononi jina ililolikosa. Ingeweza kusema: viungo vyako vimeelekezwa kwa ChromeHTML, na programu hiyo haimo kwenye kompyuta hii, je, uchague nyingine? Kwa sentensi hiyo moja mtumiaji angejua chanzo na dawa. Badala yake ameambiwa habari ya vizuizi na msimamizi, akaenda kumlaumu asiyehusika. Wanaotengeneza vivinjari nao wana deni: anayejiandika kwenye rejista ya mtu wakati wa kuingia anapaswa kujifuta wakati wa kutoka, katika kila akaunti aliyojiandika.

Hadi hayo yatakapofanyika, mwenye kompyuta ajilinde mwenyewe. Teua kivinjari kipya kabla ya kuondoa cha zamani, na ukiondoe ukiwa kwenye akaunti ileile iliyokitumia. Na viungo vikigoma, kabla ya kukubali kupigiwa Windows upya, mwambie fundi akufungulie kwanza sehemu ya programu chaguomsingi, kisha rekodi ya .html kwenye rejista, mkiwa mmekaa pamoja mbele ya skrini.